Jina Linalindwa, Franga Zetu Zinaliwa

Wandugu vijana wa Bunia, wa Mudzipela, wa Nyakasanza, wa Lumumba, na ninyi mulio mbali munaosoma hapa,

Kuna wizi unaofanyika mara mbili kwa wakati mmoja, na sheria inaona nusu tu. Mtu anachukua jina la kampuni kubwa, jina ambalo wewe na mama yako munaliamini. Analibandika kwa sarafu ya kripto aliyoitengeneza usiku mmoja, kisha anaiuza. Hapo ameibia kampuni jina lake, na ameibia wewe franga zako. Kampuni itatafuta avoka, itaenda tribinali, itarudishiwa jina. Wewe utaambiwa: pole, ulikuwa na tamaa.

Sisi tunakataa jibu hilo. Tunaandika hapa kwa sababu ujumbe wa namna hii unapita kila siku katika grupu zetu za WhatsApp: sarafu mpya yenye jina la kampuni ya simu, ya banki, ya duka kubwa la Wachina, ya timu ya mpira. Ukiuliza kama ni ya kweli, unajibiwa: "Ndugu, si unaona jina yake? Ile kampuni inaweza kudanganya batu?" Jina ndilo linalouzwa. Basi tuongee juu ya jina.

JINA HALIULIZWI KITAMBULISHO

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Kutengeneza sarafu ya kripto leo si kazi ya injinia. Kwenye mtandao wa Ethereum, tokeni ina nafasi ya kuandika jina na nafasi ya kuandika kifupi cha jina. Anayeitengeneza anaandika humo anachotaka. Hakuna mtu anayemuuliza kama jina hilo ni lake. Watu mia wanaweza kutengeneza sarafu mia zenye jina lilelile, na mtandao utazikubali zote. Kinachozitofautisha ni anwani, yaani mstari mrefu wa herufi na namba, ambao hakuna mtu anayeusoma kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Na tangu Januari 2024 kuko jukwaa linaloitwa pump.fun, ambalo limerahisisha zaidi: unaweka picha, unaandika jina, sarafu imezaliwa.

Linganisha na hapa kwetu. Mama anayeuza makala sokoni analipa taksi ya soko. Kijana anayefungua kabine ya kuuza unite anaulizwa karatasi, na kesho anaulizwa tena. Lakini mtu asiyejulikana, katika inchi isiyojulikana, anaweza kuuza Bunia kitu chenye jina la kampuni ya mabilioni, na hakuna ajenti wa serikali anayempigia hodi.

KWA NINI BUNIA TUNAAMINI JINA

Kuko wale wanaocheka: watu wa Bunia ni wajinga, wanaona logo wanatoa franga. Hapana. Tulifundishwa kuamini jina, na aliyetufundisha ni maisha yenyewe.

Tazama hali yetu. Barabara namba 27 kwenda Mahagi, watu wameuawa humo, magari yamechomwa humo. Nani mwenye akili atabeba dola elfu mfukoni katika njia kama ile? Kwa hiyo mfanyabiashara anaziweka kwa simu. Mama aliyekimbia kijiji chake, anayelala chini ya shiti katika kambi ya wakimbizi wa ndani, anapokea usaidizi wa mtoto wake kwa simu. M-Pesa iliingia Kongo mwaka 2012. Airtel Money na Orange Money ziko pia. Kwetu majina hayo si matangazo ya rangi ukutani. Ni kufika salama, ni chakula cha jioni.

Ndiyo maana mwizi wa jina ni mbaya kuliko mwizi wa mfukoni. Wa mfukoni anachukua ulichobeba leo. Wa jina anachukua imani iliyojengwa na watu wote kwa zaidi ya miaka kumi, anaiuza kwa rejareja. Na anajua vizuri atauzia nani: kijana mwenye diplome anayezunguka muji na faili lenye CV, bila kazi mwaka wa pili, wa tatu. Kijana huyo hatafuti utajiri wa ajabu. Anatafuta mahali ambapo dola yake hamsini inaweza kufanya kazi, kwa sababu yeye mwenyewe amenyimwa kazi.

TRIBINALI ZA NEW YORK ZINALINDA NANI?

Sasa tuone sheria inafanya nini wakati jina limeibwa. Kesi ziko, na zinajulikana.

Aprili 2018, kampuni ya Kichina Alibaba ilishtaki New York watu waliokuwa wanauza sarafu iitwayo Alibabacoin. Waliokuwa wanaiuza walikuwa na makao Dubai na Belarus. Kwa madai ya Alibaba, walikuwa wamekwisha kukusanya zaidi ya dola milioni 3,5. Mwanzoni tribinali ilikataa kuzuia jina lile, kwa sababu Alibaba haikuwa imeonyesha vya kutosha kwamba jambo hilo linahusu New York. Alibaba ikarudi na ushahidi kwamba mtu anayeishi New York alikuwa amenunua sarafu hiyo. Oktoba 2018 jaji akazuia. Februari 2019 pande mbili zikapatana, jina likabadilika, ikabaki ABBC.

Wandugu, soma tena hapo. Mnunuzi mmoja wa New York alitosha kufungua mlango wa tribinali. Lakini mlango ulipofunguka, aliyeingia ni Alibaba. Mnunuzi alitumiwa kama ufunguo, akabaki nje. Kesi ilianza na jina, ikaisha na jina. Aliyelipa franga zake akiamini kwamba ananunua kitu cha Jack Ma hakuwa upande wowote katika mapatano yale. Na kama mnunuzi angekuwa wa Bunia? Hata ufunguo asingekuwa.

Chukua nyingine. Mwaka 2021 mtu mmoja wa Marekani alitoa sarafu iitwayo JRR Token, akichezea jina la mwandishi Mwingereza J.R.R. Tolkien. Familia inayosimamia mali ya mwandishi ilimpeleka mbele ya shirika la dunia la haki za ubunifu, WIPO. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wameshinda. Anwani ya intaneti ikachukuliwa, mradi ukazimwa. Tolkien alikufa mwaka 1973. Mtu aliyekufa zaidi ya miaka 45 kabla ana watu wa kutetea jina lake, na wanashinda kwa miezi. Mama aliye hai, anayeuza samaki wa Ziwa Albert katika soko la Bunia, ana nani?

Na mwimbaji Kanye West, Januari 2014, alipoona sarafu iitwayo Coinye yenye picha ya kumchezea, avoka wake walishtaki ndani ya siku chache. Watengenezaji wakaiacha sarafu. Hatusemi West alikosea. Jina ni lake, uso ni wake. Tunasema tu kwamba katika kesi hizi tatu kuna mwenye jina na kuna mwizi wa jina. Yule wa tatu, aliyetoa franga, hayumo.

MLINZI WA JINA NA MLINZI WA SOKO SI MTU MMOJA

Mtu atasema: hiyo ndiyo kazi ya sheria ya alama ya biashara, ile tunaita marke. Inalinda mwenye marke. Ukitaka franga zako tafuta sheria nyingine.

Vizuri. Basi tuitafute hiyo nyingine, kwa sababu iko. Tazama kisa cha Telegram, programu ambayo wengi wetu tunaitumia. Mwaka 2018 Telegram ilikuwa inaandaa sarafu yake, Gram, na ilikuwa imekusanya karibu dola bilioni 1,7. Kampuni ndogo ya Marekani, Lantah, ilitaka kutumia jina lilelile. Telegram ikaenda tribinali ya California, na Agosti 2018 ikapata amri ya kuizuia Lantah. Jina likabaki kwa Telegram.

Mwaka uliofuata, Oktoba 2019, mamlaka ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, SEC, ikaishtaki Telegram yenyewe: uuzaji wa Gram haukufuata sheria. Juni 2020 Telegram ikakubali kurudishia wanunuzi zaidi ya dola bilioni 1,2, na kulipa faini ya dola milioni 18,5.

Kisa hiki kinatuambia yote. Tribinali ya marke ilitoa jina. Mamlaka ya soko ilirudisha franga. Na angalia jambo la pili: katika kisa hiki jina halikuwa la wizi. Mwenye jina alikuwa ndiye muuzaji, na bado wanunuzi walihitaji kulindwa dhidi yake. Kwa hiyo hata siku ile utahakikisha kwamba sarafu fulani ni ya kampuni kweli, hujahakikisha bado kwamba franga zako ziko salama.

Majirani zetu wa kaskazini walijifunza hivyo kwa jina la inchi yao. Februari 2025, kwenye akaunti ya X ya Rais Touadéra, ilitangazwa sarafu ya jina la Jamhuri ya Afrika ya Kati, $CAR. Ilipanda kwa masaa, ikaanguka vibaya. Kama jina la taifa zima haliwezi kubeba thamani, jina la kampuni ya simu litaibeba wapi?

SHERIA YETU IKO, LAKINI IMELALA

Sasa turudi nyumbani. Sheria yetu ya marke ni ya 7 Januari 1982, namba 82-001. Ni ya wakati wa Mobutu, miaka 27 kabla ya Bitcoin kuanza. Karatasi zake zinashughulikiwa Kinshasa, katika wizara ya viwanda. Anayekwenda kudai marke ni mwenye marke. Kijana wa Bunia aliyeliwa dola mia mbili hana nafasi humo.

Lakini sikiliza vizuri. Katika kodi ya jinai ya inchi yetu kuna kifungu cha 98, kinachoongea juu ya utapeli, ile avoka wanaita escroquerie. Kinasema nini, kwa maneno ya kwetu? Mtu anayetumia jina la uongo, au cheo cha uongo, au hila za kukuaminisha kwamba kuna biashara ambayo haiko, ili umpe franga au mali, anaweza kufungwa toka miezi 3 mpaka miaka 5, na kulipa faini. Jina la uongo! Neno limo ndani tangu zamani. Hatuhitaji kungoja mabunge yatunge sheria ya kripto ndipo mwizi aitwe mwizi. Tena tangu 13 Machi 2023 tuko na kodi ya dijitali, ordonanse-sheria namba 23/010, yenye sehemu nzima juu ya makosa ya mitandao.

Kwa hiyo shida yetu si ukosefu wa sheria. Shida ni mlango wa kuingilia. Tangu 6 Mei 2021 Ituri iko chini ya état de siège. Kesi za jinai zilitolewa kwa tribinali za raia zikapelekwa kwa za jeshi. Oktoba 2023 ilitangazwa kwamba hatua hizo zitalegezwa polepole. Leo uliza vijana kumi barabarani: ukitapeliwa kwa simu unaenda wapi, kwa polisi, kwa parke, kwa auditora ya jeshi? Watakupa majibu kumi. Na kijana aliyepoteza dola hamsini atafanya hesabu: motari ya kwenda na kurudi, karatasi ya kuandikia malalamiko, "franga ya bik" ya yule anayeandika, siku tatu za kungoja. Ataona bora anyamaze. Mwizi anaijua hesabu hiyo. Ndiyo sababu anawala watu wengi kidogo kidogo, hamli mmoja kwa wingi.

"WALITAKA WENYEWE"

Tunajua jibu la wakubwa: hakuna aliyewalazimisha, ni tamaa. Wazazi wetu nao watatukumbusha Bindo, mwaka 1991 kule Kinshasa, wakati watu waliuza magari na mafriji wakiahidiwa kwamba franga zitazaa mara nyingi kwa wiki chache. Ikaanguka, watu wakabaki na karatasi mkononi. Watasema: tuliona hayo, ninyi hamusikii.

Wapapa na wamama, tunasikia. Lakini tusibebeshwe peke yetu. Januari 2018 kampuni ya picha Kodak ilikodisha jina lake kwa sarafu iitwayo KodakCoin. Kabla sarafu hiyo haijauzwa, hisa za Kodak katika soko la New York zilipanda zaidi ya mara mbili kwa siku chache, kwa sababu ya jina tu pamoja na neno kripto. Kabla mwezi huo haujaisha, uuzaji wa sarafu ukaahirishwa. Hayo yalikuwa New York, si katika kabine ya Nyakasanza. Kama soko lenye wataalamu na mamlaka ya kulisimamia linaweza kuleweshwa na jina, kwa nini kijana wa Bunia ndiye aitwe mjinga?

Tena tusikubali kudanganywa kwa upande wa pili. Hatusemi majina yote yafungiwe matajiri. Neno "pesa" si la kampuni yoyote. Lilisafiri toka India, likapita pwani, likafika kwetu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 kwa kuongeza herufi moja mbele yake. Kampuni ya Nairobi iliyokuwa inabadilisha bitcoin ilijiita BitPesa, na ilikuwa na haki ya kusema pesa kama mtu yeyote. Kijana akifungua hapa duka lake na kuliita jina la Kiswahili linalofanana na la wakubwa, asitishwe na avoka wa Kinshasa. Na msanii akicheza na logo ya kampuni ili kuisema vibaya, aachwe aseme. Ukopaji wa neno si wizi. Wizi ni kumfanya mtu aamini kwamba kampuni fulani iko nyuma ya franga zake wakati haiko. Mpaka uko hapo, na unaonekana.

KAMPUNI ZISINYAMAZE

Kuna wale wanaopata faida kwa jina na wanasahau kazi ya jina. Kampuni inapoona shati la uongo lenye logo yake, inaita polisi. Inapoona sarafu ya uongo yenye logo yake katika grupu za wateja wake, mara nyingi inatoa tangazo la Kifaransa kwa X, mistari minne, kisha inalala. Mteja wake wa Bunia hasomi X, na Kifaransa cha avoka si cha sokoni. Anasoma SMS. Kampuni hizo zinatutumia SMS asubuhi na jioni kutuuzia mega na michezo ya bahati nasibu. Zinashindwa vipi kututumia moja inayosema: "Hatuuzi sarafu yoyote ya kripto, anayekuuzia kwa jina letu ni mwizi"?

Na majukwaa makubwa ni vilevile. Juni 2019 Facebook ilitangaza sarafu yake Libra. Mwezi uliofuata, gazeti la Marekani Washington Post likaonyesha kurasa za uongo zinazojifanya za Libra, nyingine zikidai kuiuza, ndani ya Facebook na Instagram zenyewe. Libra ilikuwa haijazaliwa. Haikuzaliwa kamwe: ikaitwa Diem Desemba 2020, ikazikwa mapema 2022. Yaani mwenye nyumba alishindwa kumuona mwizi aliyeketi sebuleni kwake amevaa shati lake. Tukitegemea majukwaa hayo yatulinde huku Ituri, tumekwisha.

Serikali inaweza kusema mapema, tusiambiwe kwamba haiwezekani. Februari 2017 Banki Kuu ya Uganda, hapo ng'ambo ya ziwa tu, ilionya watu wake juu ya OneCoin, kwa jina. OneCoin ilijitangaza kama ndugu mkubwa wa Bitcoin, na ilikuwa utapeli wa zaidi ya dola bilioni 4 duniani. Mmoja wa waanzilishi alihukumiwa Marekani miaka 20 mwezi wa tisa 2023. Mwanzilishi mkuu, Ruja Ignatova, alipotea mwaka 2017, na tangu 2022 FBI imemweka kati ya watu 10 inaowatafuta zaidi. Waganda wengi waliliwa hata hivyo. Lakini mamlaka ilitaja jina hadharani, na aliyetaka kumkataza ndugu yake alikuwa na karatasi ya kumuonyesha. Sisi tunamuonyesha nini?

TUNAYODAI

1. Kampuni za simu na banki zinazofanya kazi Ituri: kila mara jina lenu linapotumiwa kuuza sarafu ya uongo, mutoe onyo kwa SMS, kwa Kiswahili na Lingala, ndani ya siku mbili. Mubandike karatasi katika kabine zote. Na mukienda tribinali kulinda jina, mupeleke pia malalamiko ya utapeli, mukiwa na namba za simu zilizopokea franga. Namba hizo muko nazo ninyi, sisi hatuna.

2. Banki Kuu ya Kongo: mutoe orodha iliyo wazi ya wanaoruhusiwa kukusanya franga za watu, na orodha ya majina yaliyokwisha kulalamikiwa. Isomwe kwa radio za Bunia, si kwa karatasi ya Kinshasa tu.

3. Wakubwa wa sheria Ituri, wa raia na wa jeshi: mutangaze mlango mmoja wa kupokea malalamiko ya utapeli wa simu, bila franga ya bik. Mukubali malalamiko ya watu wengi kwa pamoja, kwa sababu dola hamsini za watu mia mbili ni dola elfu kumi, na hiyo si kesi ndogo. Kifungu cha 98 kiko, kitumieni.

4. Wasimamizi wa grupu, wasanii, wachungaji, wenye wafuasi wengi: anayeleta kiungo mara nyingi anapata asilimia kwa kila anayeingia. Ukisifia sarafu mbele ya watu wako, sema umelipwa ngapi. Kama hutaki kusema, nyamaza.

5. Na sisi wenyewe. Kabla dola haijatoka, maswali matatu. La kwanza: je, kampuni yenyewe inakubali? Usiulize aliyekuletea, nenda ajensi yake pale mujini, uliza kwa mdomo. La pili: nikitaka kutoa franga zangu leo, zote, zinatokaje, na nani ameziona zikitoka? Faida unayoona kwa kioo cha simu si franga mpaka uishike. La tatu: likiharibika, nani ana jina na adresi hapa Kongo ambaye naweza kumshtaki? Kama jibu la swali moja ni "usijali, amini tu", rudisha simu mfukoni.

Wandugu, aliyeliwa asifiche. Aibu ni ya aliyeiba. Mwenye ujumbe, namba, tarehe na kiasi, aviandike, asifute grupu, asibadilishe simu. Tunaanza kukusanya malalamiko ya Bunia ili yapelekwe pamoja, na avoka aliyekubali kusaidia bila malipo atayasoma. Majina ya waliolalamika hayatatoka hadharani.

Alibaba ilirudishiwa jina lake. Telegram ilipata lake. Hata marehemu Tolkien alilindwa. Sasa ni zamu ya yule mama wa samaki.

Bunia haiuzwi kwa logo.